Siku za Notisi ni Mali ya Anayeondoka

Nchini Japani zipo kampuni ambazo biashara yao ni kumpigia mwajiri simu na kumwarifu kwamba mfanyakazi wake hatarudi tena. Anayeacha kazi hulipa ada, hurudisha vifaa vya ofisi kwa posta, na habari yake na bosi huishia hapo. Kwingineko watu wanaacha kazi kwa ujumbe wa simu Jumapili usiku, na waajiri nao wanawaondoa watu kwa baruapepe ya alfajiri huku akaunti zao zikiwa zimeshafungwa. Wachambuzi wengi wameyatazama haya wakahitimisha kwamba notisi, yaani taarifa ya mapema kabla ya ajira kuvunjwa, imekufa. Ilikuwa adabu ya zama ambazo mwajiri na mwajiriwa walizeeka pamoja, wanasema, na kwa kuwa sasa hakuna anayemwamini mwenzake, kila mtu aondoke apendavyo. Hitimisho hilo ni la haraka mno, na anayeumizwa nalo mara nyingi si kampuni.

Siku za notisi hazikuwahi kuwa zawadi ya mfanyakazi kwa bosi wake. Ni muda unaolipwa, wenye mwanzo na mwisho unaojulikana, na ndio muda pekee ambao mtu anaweza kutoka kwenye ajira moja kwenda nyingine huku bado ana mshahara, ana bima na ana mahali pa kuulizia haki zake. Kadiri uaminifu kati ya pande mbili unavyopungua, ndivyo muda huo unavyozidi kuwa na thamani kwa yule anayeondoka. Anayeutupa kwa hasira, au anayeurefusha kwa huruma, wote wawili wanachezea kitu kilekile.

Tazama soko lilivyogeuka. Mwaka 2021 mtaalamu wa menejimenti Anthony Klotz alitabiri wimbi kubwa la watu kuacha kazi baada ya makali ya UVIKO-19, na utabiri wake ukatimia: Novemba ya mwaka huo Wamarekani takriban milioni 4.5 waliacha kazi kwa hiari ndani ya mwezi mmoja. Katika soko la namna hiyo, aliyeondoka vibaya alisamehewa haraka kwa sababu waajiri watatu walikuwa wakimsubiri. Kisha upepo ukabadilika. Juni 2022 Coinbase, kampuni ya kuuza na kununua sarafu za kidijitali, ilifuta ofa za kazi kwa watu waliokuwa wameshazikubali. Kufikia 2025 kasi ya kuacha kazi nchini Marekani ilikuwa imeshuka kutoka watu 3 hivi kwa kila wafanyakazi 100 kwa mwezi hadi karibu 2. Ushauri wa 2021 wa kuondoka upendavyo, hata hivyo, bado unazunguka mtandaoni kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kuna tatizo la pili kwenye ushauri huo, na ni kubwa kuliko la kuchelewa. Sehemu kubwa yake imeandikwa na watu wa soko la Marekani, ambako isipokuwa jimbo la Montana, kanuni ya msingi ni kwamba upande wowote unaweza kuvunja ajira wakati wowote. Wiki 2 zinazotajwa sana huko ni desturi tu. Kwingine mambo sivyo yalivyo. Kanuni za kiraia za Japani zinataka wiki 2 kwa ajira isiyo na ukomo. Ujerumani sheria inaanzia wiki 4, zinazoishia tarehe 15 au mwisho wa mwezi, na barua lazima iwe ya karatasi yenye sahihi ya mkono; anayeacha kazi kwa baruapepe huko, kisheria, bado yuko kazini. Kenya na Tanzania zinataja siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na mkataba unaweza kutaka zaidi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 158 wa mwaka 1982 unamtaka mwajiri ampe anayeachishwa kazi muda wa kutosha wa notisi au fidia badala yake, ila kama amefanya kosa kubwa. Kwa hiyo anayesoma ushauri wa mtandaoni bila kufungua mkataba wake mwenyewe anaweza kujikuta anadaiwa mshahara wa siku ambazo hakuzitumikia, au unakatwa kwenye malipo yake ya mwisho.

Wanaotetea kuondoka bila notisi wana hoja tatu, na haziko sawa kwa uzito. Iliyo nzito kuliko zote ni kwamba notisi humweka mtu uchi: unakabidhi barua asubuhi, mchana unasindikizwa hadi getini na sanduku lako. Hili hutokea, hasa kwenye kazi za mauzo, fedha na mifumo ya kompyuta, ambako mwajiri anaogopa taarifa zitoke. Hoja ya pili nayo ina ukweli, kwamba yapo mazingira ambayo hayastahili hata siku moja zaidi, kama mshahara usiolipwa miezi, vitisho, unyanyasaji wa kijinsia au kazi inayohatarisha maisha. Mtu wa namna hiyo asidaiwe ustaarabu. Akiweza apate ushauri wa kisheria kabla hajaandika chochote, maana katika nchi nyingi kulazimika kuondoka kwa sababu ya makosa ya mwajiri huhesabiwa kama kufukuzwa, na maneno “nimeamua kwa hiari yangu” yanaweza kuiua kesi hiyo.

Hoja ya tatu ndiyo inayopigiwa makofi zaidi na ndiyo dhaifu: kampuni ikitaka kukutoa haikupi notisi, basi na wewe usiipe. Inasikika kama haki, lakini hesabu yake haijatulia. Mwajiri anayemwondoa mtu papo hapo bila kosa kubwa, mahali penye sheria ya notisi, kwa kawaida hulazimika kulipa mshahara wa siku hizo. Ile baruapepe ya alfajiri, kwa ukatili wake wote, mara nyingi hufuatwa na hundi. Mfanyakazi anayeondoka papo hapo halipwi kitu, na huenda akadaiwa. Kitendo ni kimoja, bei ni mbili. Isitoshe, kampuni kubwa nyingi siku hizi, zikiulizwa kuhusu mfanyakazi wa zamani, hujibu mambo machache tu: tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, cheo, na pengine kama anaweza kuajiriwa tena. Miaka sita ya kazi nzuri haina pa kuandikwa kwenye fomu hiyo, lakini kuondoka bila notisi kuna kisanduku chake.

Upande wa pili wapo wazee wa busara wanaoshauri kinyume kabisa: mwambie bosi mapema hata kabla hujapata kazi, subiri apatikane mrithi, usiwaache wenzako na mzigo. Nia ni njema lakini matokeo ni mabaya. Mrithi anaweza asipatikane kwa sababu nafasi imesitishwa kimyakimya, na kuondoka kwako ndiko kulikokuwa kunasubiriwa ili bajeti ipungue. Aliyetangaza mapema kwamba anatafuta kazi huwa wa kwanza kurukwa zinapogawanywa nafasi za miradi mipya, vyeo na nyongeza. Na mwajiri mpya, aliyeahidiwa kwamba utaanza mwanzo wa mwezi fulani, hana sababu ya kuubeba mgogoro wa ofisi asiyoijua. Muda ulioandikwa kwenye mkataba unatosha. Kazi ya kuhakikisha idara haisimami mtu mmoja anapoondoka ni ya meneja, na analipwa kwa ajili hiyo.

Basi mpangilio mzuri ni upi? Unaanza kabla ya barua, na hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Kauli ya “hongera, umepata” kwenye simu si ofa. Ofa ni hati iliyosainiwa na mtu mwenye mamlaka ya kuajiri, inayotaja cheo, mshahara kabla ya makato, tarehe ya kuanza, mahali pa kazi, urefu wa kipindi cha majaribio na notisi inayotumika ndani ya kipindi hicho. Ukiisoma utakuta maneno “kwa sharti kwamba”. Masharti ya kawaida ni uhakiki wa vyeti, vipimo vya afya, uchunguzi wa rekodi za jinai, kibali cha kazi kwa mgeni, na taarifa kutoka kwa waajiri waliotangulia. Kila sharti ambalo halijatimia ni mlango ambao ofa inaweza kuponyokea. Usikabidhi barua ya kuacha kazi mpaka mwajiri mpya athibitishe kwa maandishi kwamba yote yamekamilika. Moja tu ndilo linaloleta mzunguko: taarifa kutoka kwa mwajiri wako wa sasa, ambaye hajui kama unaondoka. Omba itumike ya mwajiri aliyetangulia, au iwe hatua ya mwisho kabisa baada ya mengine yote kupita. Idara ya rasilimali watu yenye uzoefu inalielewa ombi hili na haishangai.

Kisha zihesabu siku, tena kwa kalamu. Mkataba unaosema “mwezi mmoja” na unaosema “mwezi mmoja unaoishia siku ya mwisho ya mwezi wa kalenda” ni vitu viwili tofauti. Katika wa pili, ukikabidhi barua tarehe 30 Juni unamaliza tarehe 31 Julai. Ukiikabidhi tarehe 2 Julai unamaliza tarehe 31 Agosti. Siku mbili za kusitasita zimekugharimu mwezi mzima, na mwajiri mpya ulikuwa umemwambia “nina notisi ya mwezi mmoja”. Angalia pia kama siku zinazohesabiwa ni za kazi au za kalenda, na kama likizo iliyobaki inaweza kutumika ndani ya notisi au ni lazima ilipwe. Mwenye siku 12 za likizo na ruhusa ya kuzitumia anaweza kumaliza kazi wiki mbili na zaidi kabla ya tarehe iliyo kwenye barua, huku mshahara ukiendelea. Lakini hapo awe mwangalifu: mpaka tarehe hiyo ipite bado ni mwajiriwa wa kule, na kuanza kazi mpya akiwa kwenye likizo ya kazi ya zamani huvunja mikataba mingi.

Katika hesabu hiyohiyo weka mambo ya fedha ambayo hayaonekani kwenye hati ya mshahara. Bonasi nyingi zina kifungu kinachotaka mtu awe kazini, na asiwe ametoa notisi, siku ya malipo. Kukabidhi barua wiki moja kabla kunaweza kuifuta yote. Mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa pensheni mara nyingine huwa wako baada tu ya kutimiza miaka fulani ya utumishi, na si jambo geni mtu kuondoka akiwa amebakiza wiki chache. Mkopo wa wafanyakazi wenye riba nafuu huweza kudaiwa wote kwa mkupuo au kuhamishiwa kwenye riba ya kawaida mara ajira inapokoma. Kama kampuni ilikusomesha kwa makubaliano ya kuitumikia miezi 24 na unaondoka mwezi wa 18, uwezekano mkubwa ni kwamba utadaiwa robo ya gharama. Hakuna hata moja kati ya haya linalopaswa kumzuia mtu kuhama. Yanampa namba za kupeleka mezani kwa mwajiri mpya, ambaye mara nyingi yuko tayari kufidia hasara inayoelezeka kwa hati, na hayuko tayari kabisa kuongeza mshahara kwa sababu tu umeomba.

Barua yenyewe watu huipa uzito kuliko inavyostahili. Sentensi nne zinatosha: ninaacha kazi katika nafasi hii, kwa mujibu wa kifungu fulani cha mkataba, siku yangu ya mwisho itakuwa tarehe fulani, nitakabidhi kazi kwa utaratibu mtakaoupanga. Klotz na mwenzake Mark Bolino, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2016, walibainisha namna saba za watu kuacha kazi, kuanzia anayefuata utaratibu, anayeshukuru na anayempa bosi habari mapema, hadi anayekwepa kuonana naye na anayechoma madaraja makusudi. Katika karatasi, namna zote saba zinapaswa kufanana. Malalamiko yakiandikwa kwenye barua ya kuacha kazi hubaki kwenye faili lako, na hayajawahi kumwondoa meneja mbaya. Mwambie bosi wako wa moja kwa moja ana kwa ana kwanza, barua ifuate siku ileile, na omba uthibitisho wa kupokelewa wenye tarehe. Bila tarehe hiyo, mabishano kuhusu siku ya mwisho huamuliwa na mwenye nguvu.

Kwa kuwa uwezekano wa kusindikizwa hadi getini ni wa kweli, maandalizi yake hufanyika kabla ya barua. Toa nakala za vilivyo vyako: mkataba na marekebisho yake, hati za mshahara za miaka miwili au mitatu, tathmini za utendaji, rekodi za kodi na za michango ya hifadhi ya jamii, salio la likizo. Ondoa picha na nyaraka binafsi kwenye kompyuta ya ofisi. Usivyopaswa kuvigusa ni orodha za wateja, bei, michoro, msimbo wa programu na mawasilisho, hata kama ulivitengeneza mwenyewe usiku kucha. Mifumo ya ofisi huweka kumbukumbu ya mafaili yaliyopakuliwa na baruapepe zilizotumwa nje, na mtu akitoa notisi, wiki zilizotangulia ndizo hukaguliwa kwanza. Faili moja lililotumwa kwenye baruapepe binafsi “kwa kumbukumbu tu” linaweza kugeuza kuondoka kwa amani kuwa tuhuma ya wizi.

Hapo hapo soma vifungu vinavyokufuata baada ya kuondoka, yaani vya kutofanya kazi kwa mshindani na kutowafuata wateja au wafanyakazi wa zamani. Habari za Marekani zimewachanganya wengi. Aprili 2024 Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilipitisha kanuni ya kupiga marufuku karibu vifungu vyote vya kutofanya kazi kwa mshindani, na habari ikaenea dunia nzima kwamba vimekwisha. Agosti mwaka huohuo mahakama ya shirikisho huko Texas ikaitengua, na Septemba 2025 tume ikaacha kukata rufaa. California ina marufuku yake yenyewe tangu 1872. Ujerumani inavikubali kwa miaka isiyozidi 2, tena mwajiri akilipa angalau nusu ya kipato cha mwisho kwa kipindi chote. Yaani jibu linategemea uko chini ya sheria gani na kifungu kimeandikwaje. Ukiwa nacho, mwonyeshe mwajiri mpya kabla ya kusaini ofa. Akikigundua mwezi wa pili kupitia barua ya mwanasheria, anayepoteza kazi ni wewe.

Ofa ya mwajiri wako wa sasa ya kukubakiza nayo huja katika siku za kwanza za notisi. Mjadala juu yake umejaa tahadhari za jumla kwamba anayebaki hatadumu, na sioni haja ya kwenda mbali hivyo. La kuuliza ni kama kilichokufanya utafute kazi kinatajwa kwenye hiyo ofa. Kama kilikuwa mshahara, na nyongeza imeandikwa, imesainiwa na ina tarehe ya kuanza, ni pendekezo halali. Kama kilikuwa bosi, saa za kazi au kukosa pa kukua, pesa zitakufanya uvumilie miezi kadhaa kisha uanze upya, safari hii bila ule mlango uliokuwa wazi. Na kama umeshasaini mkataba mpya, kubaki ni kuuvunja huo, jambo ambalo washauri wa kirafiki husahau kulitaja.

Sasa makabidhiano. Hapa ndipo hoja ya “kwa nini niwafanyie kazi ya bure” inapokutana na ukweli kwamba hati ya makabidhiano ni ushahidi wa anayeondoka kabla haijawa msaada kwa anayebaki. Miezi miwili baada ya mtu kuondoka, kitu kitaharibika, na mtu asiyekuwepo ndiye rahisi kulaumiwa. Hati iliyosainiwa na pande mbili hufunga mazungumzo hayo. Kwa kila kazi inayoendelea iandike imefikia wapi, hatua inayofuata na tarehe yake, nani anaipokea, faili liko wapi, mtu wa nje wa kuwasiliana naye, na kipi kinaweza kuharibika. Safu ya mwisho ndiyo wengi huiruka kwa kuogopa kuonekana waliacha matatizo, ilhali tatizo lililoandikwa limeshakabidhiwa na lililofichwa bado ni lako. Mrithi akipatikana, usimweleze tu. Aifanye kazi mwenyewe angalau mara moja ukiwa pembeni, maana maelezo hupita sikio moja na kutokea la pili, na vitu unavyovifanya kwa mazoea hutavikumbuka mpaka umwone mwenzako amekwama. Siku tatu za mwisho usipokee kazi mpya. Kazi iliyoanzwa katika siku hizo haina mwenyewe.

Kuna makosa ya kiufundi ambayo hujirudia kila mahali. Ripoti ya kila mwezi iliyopangwa kujituma yenyewe kupitia akaunti ya aliyeondoka hukatika siku akaunti inapofungwa, na hugunduliwa mwezi unaofuata wakati mteja anapouliza. Nyaraka za pamoja zenye jina lake kama mmiliki hufutika au kufungika. Uthibitisho wa hatua 2 wa akaunti ya idara umeunganishwa na simu yake binafsi, hivyo wiki ya pili anapigiwa akiwa kwenye kikao cha kazi mpya ili asome namba za siri. Anwani ya tovuti imesajiliwa kwa baruapepe yake, na tangazo la kulipia upya linakwenda mahali pasipofunguliwa. Orodha ya akaunti, usajili, malipo yanayojirudia na simu zilizounganishwa huchukua nusu siku kuitengeneza. Nywila zenyewe zisiandikwe kwenye hati. Zihamishwe kwa mfumo wa ofisi na zibadilishwe siku ya mwisho mbele ya mpokeaji, ili usiulizwe baadaye nani aliingia.

Kabla ya kurudisha kitambulisho, omba kwa maandishi mchanganuo wa malipo ya mwisho: mshahara wa siku zilizofanyiwa kazi, likizo isiyotumika, marejesho ya gharama, makato, na tarehe ya kulipwa. Omba cheti cha utumishi, risiti ya kila kifaa ulichorudisha, na nyaraka za kodi za sehemu ya mwaka uliyofanya kazi, kwa sababu mwajiri mpya asipojua kipato chako cha nyuma makato yanaweza kukosewa. Uliza bima ya afya inaishia siku ya mwisho ya kazi au mwisho wa mwezi, na ile mpya inaanza siku ya kwanza au baada ya majaribio. Mapengo ya miezi mitatu yapo, na watu huyajua wakiwa mapokezi ya hospitali.

Mapumziko kati ya kazi mbili ni mazuri, wiki moja au mbili kama akiba inaruhusu. Anayemaliza Ijumaa na kuanza Jumatatu huingia ofisi mpya akiwa bado anajibu maswali ya ile ya zamani.

Kinachosahaulika katika mjadala mzima ni kwamba kuhama hakuishii siku ya kwanza ya kazi mpya. Katika kipindi cha majaribio, ambacho mara nyingi ni miezi 3 hadi 6, mtu yuko mahali pa hatari kuliko alikotoka: notisi ni fupi, kinga dhidi ya kufukuzwa isivyo haki mara nyingi haijaanza, na idara ikipunguza watu, wa mwisho kuingia hutoka kwanza. Aliyehama kwa nyongeza ndogo ya mshahara huku akiacha miaka minane ya utumishi amenunua hatari hiyo kwa bei poa, na aijue kabla. Njia ya kuipunguza ni kupata, ndani ya wiki ya kwanza, jibu la maandishi kwa swali moja: mwisho wa majaribio nitapimwa kwa mambo gani, na nani atapima? Kisha omba tathmini fupi mwishoni mwa mwezi wa kwanza na wa pili. Meneja anayesubiri mwezi wa tano kusema hajaridhika hakupi muda wa kurekebisha chochote. Wengi wanaoshindwa majaribio ujuzi wanao. Kinachowaponza ni kufanya kwa bidii kazi ambayo hakuna aliyeiomba, au kubadilisha utaratibu kabla ya kujua kwa nini ulikuwepo, huku kila sentensi ikianza na “kule nilikotoka”.

Waajiri wanaolalamika kwamba vijana hawatoi tena notisi wana la kujitazamia. Ofisi inayomsindikiza getini kila anayekabidhi barua inawafundisha waliobaki wasikabidhi. Inayochelewesha malipo ya mwisho miezi mitatu inafundisha hivyohivyo. Mwajiri asiyeweza kumwacha mtu aendelee kuingia kwenye mifumo anaweza kumlipa siku zake akae nyumbani, na gharama hiyo ni ndogo kuliko ya idara nzima iliyojifunza kuondoka usiku.

Na mwajiri mpya hana mikono misafi kila mara. Wapo wanaoambiwa notisi inaisha tarehe 31 wakajibu, “achana nao, anza Jumatatu.” Jibu la kuwarudishia ni kuwaomba waandike kwenye barua ya ofa kwamba watalipa madai yoyote yatakayotokana na siku ambazo hazikutumikiwa. Wengine huandika. Wengine hugundua ghafla kwamba tarehe mosi ya mwezi unaofuata haina tatizo lolote.